Bi. Kavindu wa Dirisha la Jumatatu

Baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, Bi. Kavindu Matheka, karani wa Mfuko wa Wafanyakazi, anastaafu leo, Ijumaa tarehe 31 Julai 1998. Alikuja kiwandani kwetu akiwa kibarua wa kukunja mablanketi. Anaondoka akijulikana katika mitaa ya Nairobi, kuanzia Donholm hadi Komarock.

Serikali haina malipo kwa aliyekosa kazi, kwa hivyo tulijichangia wenyewe katika Mfuko huu. Masharti yake Bi. Kavindu aliyajua kama Baba Yetu: uwe umechanga miezi kumi na miwili, uwe umeachishwa na si kuacha mwenyewe, ndipo ulipwe kwa wiki kumi na tatu. Kila Jumatatu ulifika dirishani kwake kutia sahihi na kueleza ulikotafuta kazi. Uongo aliunusa ukiwa bado getini.

Idara ya ufumaji ilipofungwa mwaka wa 1994, foleni ilizunguka jengo. Wandera, mfumaji mwenye watoto wanne, alikuwa amebakisha wiki saba za malipo alipopata kibarua cha siku moja, kubeba marobota ya vitambaa katika duka moja la Eastleigh. Kama wengi wetu, aliamini kwamba ukionekana kazini hata saa moja, malipo yamekwisha. Mara Bi. Kavindu huyo, anaingia dukani kununua leso! Wandera akachuchumaa nyuma ya marobota, akasahau kwamba buti za kiwanda zinachungulia. Bi. Kavindu alizisalimu buti hizo kwa heshima zote, akaziuliza habari za watoto, akaenda zake.

Jumatatu Wandera alifika wa kwanza, akaungama kabla hajaulizwa: "Mama, ni mimi nilikuwa nabeba mzigo. Sasa hawa watoto watakula nini?" Bi. Kavindu alicheka hadi miwani ikaanguka, kisha akamsomea kanuni: siku uliyofanya kazi haipotei, malipo yake husogezwa mbele, anayepoteza ni anayeficha. Alituambia baadaye kwamba Jumapili nzima alikuwa akimwombea aseme mwenyewe, kwani angenyamaza, asingekuwa na budi kulikata jina lake. Wandera alipata wiki zake zote, na leo ndiye mwenyekiti wa Mfuko.

Bi. Kavindu, pole: kwa masharti yako mwenyewe hustahili kulipwa, maana hukuachishwa. Lakini Wandera amekutungia kanuni. Kila Jumatatu ufike dirishani, unywe chai, utie sahihi kwamba hukutafuta kazi yoyote. Tukikukuta umeinama shambani, usijifiche. Siku hiyo ya mapumziko haipotei, tutaisogeza mbele.

Asante, Mama. Tunakutakia mapumziko marefu, yasiyo na wiki ya kumi na tatu.