Kijana Asiyetaka Kusema Aendako

Kitendawili, mjukuu wangu: nani hubeba mishipi, chambo na sanduku la barafu, lakini ukimuuliza aendako anasema anatembea tu? Ni mvuvi wa kwetu Waianae, maana akitaja kuvua, samaki husikia wakahama.

Jana nilikuwa ndani ya basi nikitafuna karanga, mmoja wao akapanda amekumbatia jaketi tano za kuokolea maisha, ndoana zikining'inia mfukoni. Bibi aliyeketi karibu naye, wala hawajuani, akamuuliza, "Boti mnaipeleka wapi, mwanangu?"

"Tunatembea tu, shangazi, mimi na wenzangu wanne."

"Na hizo ndoana ni za kuchokonolea meno?"

Basi zima likacheka. Dereva, naye mvuvi, akakohoa kumwonya bibi.

"Kaka yangu alitembea hivyohivyo," bibi akaendelea. "Injini ikazimika. Tukamtafuta kusini siku mbili, kumbe yuko kaskazini anakunywa maji ya barafu ya chambo! Wewe ukipotea, mama yako aanzie wapi?"

"Shangazi, nikisema, tutarudi na sanduku tupu!"

"Usiposema, litarudi sanduku peke yake."

Hapo hata mimi niliacha kutafuna. Kijana akazitazama zile jaketi. Basi likasimama kituoni kwake, akashuka, kisha akarudi mbio dirishani kwa bibi, akanong'ona kwa sauti iliyomfikia hadi dereva.

"Nyuma ya rasi ya Kaena, shangazi. Saa kumi jioni tutakuwa tumerudi. Na kwa mama ni ile nyumba ya kijani, mkabala na kanisa."