Sauti ya Nestor Mumbere, Toka Sake Mpaka Itebero

Baba Padri, wakubwa wa kartie, huu mtaa wetu, wafanyabiashara wenzetu wa soko la Sake, Papa na Mama, kaka na dada mliokesha nasi matangani tangu Jumanne, familia inawasalimu nyote kwa machozi, na imenituma mimi, Kavuo, dada anayemfuata marehemu, niwasomee njia aliyopita kaka yetu Nestor Mumbere, ambaye wengi wenu mlimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Mnivumilie nikikwama, kwa maana historia hii tuliiandika siku ya Alhamisi tukadhani imekwisha, na leo asubuhi imetubidi kuandika upya mwisho wake.

Nestor alizaliwa Butembo tarehe 4 mwezi wa tatu mwaka wa 1974, mtoto wa kwanza wa marehemu Papa Philippe, mwenye duka na lori moja lililokuwa likisukumwa zaidi ya kuendeshwa, na wa Mama Mbambu, aliye hapa mbele yetu, na Mama husimulia kwamba mtoto alipolia mara ya kwanza wauguzi waliangaliana, kwa jinsi sauti ilivyokuwa nzito na ya kukwaruza. Sauti hiyo haikumwacha, hata kwenye kwaya ya watoto walimweka nyuma kabisa, kisha wakamwomba kwa upole awe anashika tu kitabu cha nyimbo.

Masomo ya msingi aliyafanya Butembo kuanzia mwaka wa 1980 hadi 1986, na baba alipohamishia duka hapa Sake mwaka wa 1987, kwenye njia panda ya Goma, Masisi na Minova, aliendelea na sekondari hapahapa, upande wa biashara, akapata diploma yake mwaka wa 1994, amechelewa mwaka mmoja kwa ajili ya vita vya 1993, akiwa na alama nzuri katika kila somo isipokuwa Kiingereza, ambacho kilimshinda kabisa, na mtaona kwamba kushindwa huko ndiko kulikompa kazi.

Alianza kazi dukani kwa baba, akiuza chumvi, sabuni na betri, na mwaka wa 1999, vita vimefunga barabara na watu hawana pa kwenda jioni, akanunua televisheni, mashine ya diski na jenereta, akajenga nyuma ya duka sine, ukumbi wetu wa filamu, ya mbao na maturubai. Katika furushi la diski alilolileta kutoka Goma kulikuwa na filamu za katuni ambazo hakuna aliyezitaka, za televisheni ya mbali, zimechorwa kwa rangi nyeusi na kijivu tu, habari za mtu mwenye koti refu, kofia na kinyago, anayeruka kutoka paa hadi paa katika mji ambao mvua haikatiki na jua halionekani, anaokoa watu wasiomjua, na kila filamu inaisha yeye akirudi katika chumba chake kitupu, anakaa dirishani, anasema maneno machache ya Kiingereza, basi, giza. Papa Philippe aliangalia moja, akasema, «Nani atalipa juu ya desen ya batoto?», akaenda kulala.

Lakini Nestor alisimama kando ya televisheni na mikrofoni, akaanza kusimulia kwa Kiswahili maneno ambayo hakuyaelewa hata moja, akampa yule mtu jina la Kaka Giza, akawapa majambazi majina ya wapita njia waliotusumbua, na watu wakacheka, wakaogopa, wakarudi kesho yake na jirani zao. Pale mwishoni, dirishani, kwa kuwa hakujua mtu yule anasema nini, aliweka alichotaka yeye, akimfanya Kaka Giza atangaze harusi ya Jumamosi, siku ya soko la Shasha, mbuzi wa fulani aliyepotea, na watu walizoea hivyo kiasi kwamba hakuna aliyeinuka kwenye benchi kabla ya kusikia neno la dirishani.

Hapo ndipo alipomjua Adelaïde Muhawenimana, binti wa Papa Habineza, mkulima wa Karuba, familia iliyolima mlima ule tangu babu wa babu, yeye akiteremsha viazi na maharage sokoni kwetu. Jioni moja filamu ilipoisha alimfuata Nestor, akamuuliza mbele za watu, «Kaka, ule muntu wako iko na mvua kila siku, nani njo anamufulia koti?», sine nzima ikavunjika mbavu, na kaka yetu, aliyekuwa na maneno ya kila mtu, akainama kukunja waya wa mikrofoni. Tangu siku hiyo Kaka Giza alikuwa na mke mlimani, mke asiyeonekana kwenye televisheni, ambaye alimsalimu kila jioni kutoka dirishani, na Sake yote ilijua salamu zile zilikuwa zikienda wapi.

Walifunga ndoa kanisani hapa Sake tarehe 27 mwezi wa saba mwaka wa 2002, na niseme ukweli, Mama atanisamehe, familia yetu haikufurahi, tulitaka binti wa kwetu Butembo, tulikaa kwenye karamu kama watu waliokuja kungoja daktari. Adelaïde alitushinda kwa subira na kwa mkono wake wa kupika, na tarehe 19 mwezi wa kumi mwaka wa 2003 Mungu akawajalia mtoto mmoja, Kétsia, aliyelala kila jioni nyuma ya jenereta na hakulala vizuri popote pengine.

Mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 2007, Adelaïde alipanda Karuba na mtoto kumuuguza mama yake, na wiki hiyo hiyo vita vikashuka kwenye ile milima, barabara ikakatika, nasi tukakimbia na godoro kichwani, tukapita Shasha mpaka Minova, Nestor akigeuka nyuma kila hatua hata tukamvuta kwa shati. Bomu liliangukia sine, tupu, halikuua hata kuku, lakini waliokimbilia upande wa Masisi walifika huko wakisema kwamba sine ya Sake imelipuliwa watu wote wakiwa ndani, mwenyewe pamoja nao, na habari hiyo ndiyo Adelaïde aliyoibeba mgongoni pamoja na mtoto.

Tuliporudi, mwezi wa kwanza mwaka wa 2008, Nestor alipanda Karuba akakuta nyumba haina paa, Papa Habineza na mkewe wamezikwa na majirani, na mzee mmoja akamwonyesha kwa kidevu upande wa magharibi. Aliuliza parokiani, aliuliza kwenye kambi, aliuliza kwa wale wanaotafuta waliopotea, kisha akapakia televisheni, diski na jenereta juu ya tshukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, akaanza kusukuma, Masisi, Nyabiondo, kijiji kwa kijiji, kila mahali akionyesha Kaka Giza, na dirishani akisema, «Mama Kétsia, niko muzima, sikufa, niko hapa, kuja.» Hakutaja jina lake wala la mkewe, kwa sababu miaka ile jina peke yake, kwa kuwa linaonyesha kabila, lilitosha kumponza mtu kwenye barieri za wenye bunduki, na alifikiri sauti yake inatosha, kwani ni nani mwingine alikuwa na sauti ile?

Masisi ni kubwa, na Walikale ni kubwa zaidi, mtu mmoja hawezi kuwa katika kila soko, kwa hiyo mwaka wa 2009 akaanza kufundisha wasimulizi, wa kwanza akiwa Hakorimana, aliyesimama pale kando ya jeneza, na sharti lake lilikuwa moja, kwamba msimulizi asitumie sauti yake mwenyewe, atumie ya Nestor, ule mkwaruzo, ule mvuto wa neno la mwisho, hata kikohozi, na neno la dirishani alitoe lilivyo, bila kupunguza wala kuongeza. Aliwakopia diski, aliwakemea mpaka wakapatia, nao wakafundisha wengine, na wengine wakafundisha wengine, hata ikafika siku ambayo hakukuwa na sine toka Sake mpaka kwenye machimbo ya Walikale isiyosema kwa sauti ya kaka yetu. Watu walimsifu kwa jambo hilo, naye alikaa akingoja mtu mmoja tu asikie.

Tulimwambia aoe tena, mimi nilimwambia zaidi ya wote, na kwa maneno makali, kwamba mwanaume hawezi kula peke yake kwenye sahani moja miaka na miaka, naye alinijibu, «Kavuo, mimi niko na bibi», akaosha sahani yake, akaondoka. Mwezi wa nane mwaka wa 2014 alifika yeye mwenyewe hadi Itebero, kwenye msitu, mbali kuliko alivyowahi kufika, akaonyesha filamu jioni tatu mfululizo, hakuna aliyekuja kumwuliza neno, akarudi Sake amekonda, na safari ikaishia hapo.

Ugonjwa wake ulianza mwaka wa 2016, koo, kwanza tukadhani ni vumbi la barabara, na madaktari wa Goma waliposema ni kansa alikuwa hawezi tena kumaliza filamu moja. Mwaka wa 2018 sauti iliondoka kabisa, na yule ambaye milima yote ilisema kwa mdomo wake alikuwa akituonyesha kwa kidole kwamba anataka maji. Kila jioni alikaa kwenye benchi la mwisho la sine yake, akimsikiliza Hakorimana, akisikia sauti yake mwenyewe ikimwita mkewe kwa kinywa cha mtu mwingine, na filamu ilipoisha watu walitoka, wakamtakia usiku mwema, naye akabaki amekaa. Sisi tulimwona, tukaenda nyumbani kwetu kula, na jambo hilo linaniuma.

Nestor Mumbere alifariki hospitalini Goma siku ya Jumanne tarehe 11 mwezi wa sita mwaka wa 2019, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na mitano. Siku ya Jumatano tulipeleka tangazo la kifo kwenye redio, na wengine katika familia walitaka jina la Adelaïde liondolewe, wakisema tunajiaibisha kutangaza mjane ambaye labda naye ni marehemu, lakini Mama Mbambu, ambaye mwaka wa 2002 hakutaka kumwona, alisema liandikwe lote, likaandikwa, na sauti ya mwanamke wa redio ikasoma kwamba Nestor Mumbere wa Sake ameacha mke, Adelaïde Muhawenimana, na binti, Kétsia, popote walipo.

Historia ya Alhamisi iliishia hapo. Leo asubuhi, tukiosha masufuria, pikipiki ilisimama mlangoni, wakashuka wanawake wawili wenye matope mpaka magotini, waliolala njiani mara mbili, na yule mkubwa akauliza, «Ni hapa kwa Nestor?», na Mama akaangusha sufuria. Walisikia tangazo la redio wakatoka Itebero, wamekaa Itebero tangu mwaka wa 2008, kwenye shamba la mihogo, Adelaïde akijulikana kwa jina la Mama Kétsia tu, kwa sababu ile ile iliyomfanya Nestor afiche majina.

Na sauti aliisikia, Papa na Mama, aliisikia mara nyingi kuliko sisi. Mara ya kwanza ilikuwa soko la machimbo, mwaka wa 2010, alitupa kapu akakimbia, akakuta kijana asiyemjua ameshika mikrofoni, mara ya pili akakimbia tena, akakuta kijana mwingine, na mara ya tatu alimshika yule msimulizi nguo akamwuliza mwenye sauti hii yuko wapi, naye, ambaye hakuwahi kumwona Nestor kwa macho, alimjibu kama alivyoambiwa na waliomfundisha, «Mama, mwenye sauti alikufaka kwa Sake, bomu.» Akarudi nyumbani akavaa nguo za mjane, akaapa kutokimbilia tena sauti ya mtu.

Kwa hiyo mwezi wa nane mwaka wa 2014, jenereta ilipolia pale Itebero na sauti ikapita juu ya mihogo ikisema niko muzima, niko hapa, Adelaïde alifunga mlango. Jioni ya tatu Kétsia, mwenye miaka kumi, alitoroka akaenda kukaa chini kabisa mbele ya televisheni, karibu na miguu ya baba yake, ambaye aliwaambia watoto wasogee, wasichafuliwe na mafuta ya jenereta, na aliporudi alimwambia mama yake kwamba yule papa wa sine alikuwa analia kwenye mwisho. Mama yake akamjibu, «Bote banalia vile, njo kazi yabo. Lala.»

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Goma waliomtunza kama ndugu, majirani walioleta kuni, maji na migongo ya kuegemea, wafanyabiashara waliofunga maduka leo ingawa ni siku nzuri ya soko, na Hakorimana, aliyemlisha uji kwa kijiko mwaka mzima bila kuitwa. Hakorimana na wasimulizi wenzake, waliotoka mbali sana kuja hapa, walikuwa wamejitayarisha kumuaga mwalimu wao kwa sauti yake, pamoja kaburini, ni heshima kubwa na tulikuwa tumekubali, lakini Adelaïde ameomba kwamba leo asiisikie ile sauti kwa kinywa cha mtu mwingine, na Hakorimana amepiga magoti mbele yake, amesema, «Mama, tutanyamaza», na wamekubali wote. Tutakwenda kaburini kimya, Adelaïde na Kétsia watangulie kutupa udongo.

Kaka Nestor, mkeo yuko hapa, binti yako yuko hapa, nimewashika mkono mimi mwenyewe, usitoke tena kuwatafuta, pumzika kwa amani.