Kiti Nilichombebea Mama

Bwana apewe sifa, kanisa! Ninyi wa mbele, apewe sifa! Na ninyi wa mlangoni mnaopepea watoto, apewe sifa! Ninaitwa Akinyi. Mchungaji ameniambia nisimlie muda wake wa mahubiri, kwa hiyo nitakwenda mbio kidogo. Lakini nikianza kulia mniache nilie, kwa sababu hili jambo bado liko karibu sana na moyo wangu.

Ndugu zangu, mama yangu alienda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani nikiwa kidato cha pili. Tulikuwa tunaishi Kaloleni ya hapa Kisumu, mimi na yeye, chumba kimoja kilichogawanywa na pazia. Alinipeleka shule ya bweni, hii njia ya kwenda Seme, akaniachia leso yake moja. Kabla hajaondoka akanipa ahadi. Alisema, "Akinyi, siku ya maombi ya watahiniwa nitakuwa nimekaa nyuma yako. Wewe soma tu." Ahadi hiyo niliishika kwa mikono miwili.

Mlio na watoto sekondari mnaijua siku hiyo. Kwetu ilikuwa hivi: mtihani wa kitaifa ukikaribia, kila mtahiniwa anatoa viti viwili darasani anavipeleka uwanjani. Cha mbele ni chake, cha nyuma ni cha mzazi. Ikifika saa ya maombi wazazi wanasimama, wanaweka mikono juu ya vichwa vya watoto wao, na uwanja mzima unanguruma. Nikiwa kidato cha tatu niliimba kwaya siku hiyo, na badala ya kumtazama mwalimu wa kwaya nilikuwa natazama mikono ya akina mama. Ee Mungu, nilivyoutamani mkono huo!

Sasa sikieni shida yangu. Shule yetu iko mahali ndege zinapita zikishuka kwenda uwanja wa Kisumu. Zinapita chini, hata magurudumu unayaona. Mwanzoni ilikuwa raha. Ndege ikipita nasema, labda mama yumo. Nilijua vizuri hangekuja bila kuniambia, lakini moyo haukuwa unaniuliza. Baadaye ikawa kifungo! Nikiwa nasoma, nikiwa kwenye mjadala wa kikundi, nikiwa maabara nimeshika pipeti, ndege ikipita kichwa kinainuka chenyewe. Na ikishapita, niliyokuwa nayo kichwani yamekwenda nayo.

Wenzangu wakaanza kunitania, wakaniita Mama Eapoti. Nilicheka nao. Halafu nikaenda nyuma ya bweni, pale ziwa linapoonekana limefunikwa na magugu mpaka hujui maji yanaanzia wapi, nikajifunika leso ya mama usoni. Harufu yake ilikuwa imekwisha siku nyingi, lakini niliinusa tu.

Mtihani wa majaribio ukaja. Karatasi ya hisabati, ndege ikapita, na mimi sikurudi tena. Nilikaa natazama dirisha mpaka kengele ikalia. Mimi niliyekuwa naongoza darasa, nikarudishiwa karatasi ambayo nusu yake ni nyeupe! Mwalimu wa darasa alifikiri ninaumwa, nesi akanipa dawa ya malaria. Haikuwa malaria, ndugu zangu! Ilikuwa hamu ya mama! Na mtihani wenyewe ulikuwa mlangoni. Nikaona nikikaa hivi, miaka yangu minne inapotea, na jasho la mama huko aliko linapotea nayo.

Nikaomba. Nikafunga pamoja na wenzangu wa Umoja wa Kikristo. Ombi langu lilikuwa moja: Bwana, mlete mama siku ya maombi, nipone. Yaani nilikuwa nimeshamwandikia Mungu dawa, kilichobaki ni yeye kuitoa.

Siku ikafika. Asubuhi mwalimu wa darasa akaniita nikaongee kwa simu yake. Alikuwa mama. Bosi wake hakumruhusu kusafiri. Mama alilia, mimi sikulia, nikamwambia ni sawa. Kisha nikaenda darasani nikabeba viti viwili vilevile. Sijui niwaambie nini, mikono ilikuwa imeshazoea kuwaza viwili.

Wazazi wakajaa uwanjani na kuku na soda na kadi za heri. Kiti cha nyuma yangu kitupu. Mama mmoja akaniuliza kwa upole, "Nyathina, mtoto wangu, hapa kuna mtu?" Nikamjibu, "Yuko, Mama, anakuja." Akaenda kutafuta pengine. Mimi nikatazama mbele, nikakaza shingo.

Mhubiri alikuwa ameshaanza nikasikia kiti kinalia nyuma yangu. Mtu amekaa. Ndugu zangu, niliogopa kugeuka! Nilitaka kidogo tu niendelee kuamini kuwa ni yeye. Halafu ikanijia harufu ya iliki na mafuta ya mahamri, nikajua. Alikuwa Mama Zuhura, jirani yetu wa Kaloleni, anayekaanga mahamri mlangoni kwake. Yeye na mama waliazimana chumvi miaka na miaka. Ni Mwislamu, na alikuja na buibui lake, jasho linamtoka.

Akaniinamia sikioni. "Mama yako amenipigia asubuhi hii analia. Ameniambia kiti chake kisikae bure."

Wazazi wakaambiwa wasimame, waweke mikono. Nikamsikia ananong'ona, "Akinyi, sasa mimi hapa nafanyaje? Nyinyi mnaombaje?"

"Weka tu mkono, Mama."

Akauweka. Mkono mzito, wenye joto. Huku na huku watu wanapaza sauti kwa jina la Yesu, na yeye akaanza, "Bismillahi," taratibu, kama mtu anayeingia nyumba ya watu. Kisha akasema, "Mungu, huyu ni mtoto wa rafiki yangu. Mama yake yuko mbali. Huu mkono ni wa mama yake, mimi nimeubeba tu."

Haleluya! Nililia mpaka sare ikalowa. Kulia ambako sikulia kwenye simu, kulia kwa tangu kidato cha pili. Na yeye hakuutoa mkono mpaka nilipomaliza, ingawa wazazi wengine walikuwa wameshaketi wanafungua chakula.

Naona mzee mmoja hapa amekunja uso. Mzee wangu, usinikasirikie. Mimi niliomba kwa jina la Yesu, na aliyenijibu ni Yesu. Njia ya kupitia sikumchagulia.

Siku ya karatasi ya hisabati nikaingia, nikaandika, nikamaliza, nikarudia kuangalia kazi yangu. Tulipotoka, Atieno rafiki yangu akanikimbilia. "Akinyi! Leo hukuinua kichwa!"

"Kwa nini niinue?"

"Si ndege ilipita! Madirisha yote yalikuwa yanatetemeka! Nilikuogopea wewe kuliko swali la mwisho!"

Ndugu zangu, sikuisikia! Mbele za Mungu, sikuisikia! Na matokeo yalipotoka, yule mwenye karatasi nyeupe alikuwa amepata nafasi ya kusomea ualimu. Sifa na zirudi kwake Bwana!

Lakini msidhani hamu imekwisha. Mama bado yuko huko. Kila Jumapili naona akina mama hapa wakiwafunga watoto vifungo vya mashati, na mimi natazama chini. Hamu iko, ila hainishiki tena mkono wa kuandikia. Wewe uliyefungwa na kitu ambacho hata daktari hakioni, mtumaini Mungu, na umwachie achague atakayemtuma.

Na neno la mwisho. Jumamosi ijayo shule hiyo ina maombi ya watahiniwa, na kuna mtoto atakayebeba viti viwili hali anajua hakuna anayekuja. Mimi naenda. Mama Zuhura anaenda, yule pale amekaa karibu na mlango, mpungieni mkono. Lakini sisi wawili hatuwezi kuvikalia viti vyote vitakavyokuwa vitupu. Nani anakuja nasi?

Kazi yangu nimeimaliza. Sasa ndege ikipita juu ya paa hili mtaniwia radhi, nitatazama juu kidogo.