Siku Nne za Mzee Haidari

Kuna fumbo ambalo sijalifumbua hadi leo: Nabiswa, aliyeamini kila mtu aachwe afanye lake, hakuweza kutuacha tunywe kahawa kimya hata jioni moja. Tulimwita Wachilia. Mchana alifanya kazi kiwanda cha sabuni. Jioni alizunguka mtaa wetu wa Huruma na karatasi, akikusanya sahihi za watu waliochoka kuhangaishwa. Jumanne moja ya mwaka themanini na moja alitukuta kwenye benchi letu tukiwa na habari mbaya. Askari wa leseni walikuwa wamempa Mzee Haidari, muuza kahawa wetu, siku nne: alete leseni au aondoe jiko. Mzee alikuwa ameiomba mara tatu, asijibiwe. Birika lake la kahawa ndilo lililowalisha wajukuu wake.

— Tieni sahihi hapa, Nabiswa alisema. Mzee abaki. Hajamkosea mtu.

Patrobas, karani wa bohari, alikunja gazeti lake. Kwa kuwa alikariri kila kilichoandikwa humo, jina lake lilikuwa Gazeti.

— Watu kama wewe mmesemwa hapa ukurasa wa sita. Wabinafsi. Mnataka kila mtu ajijali mwenyewe, maskini afe.

— Buda, maskini ndiye huyu anapuliza makaa. Anayemfukuza ni mimi?

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Mkuu ameombwa mara tatu. Asiyesikia ni nani?

Haidari alitumiminia kahawa.

Akaingilia Muasya, ambaye tulimwita Daktari kwa sababu aliwahi kufagia wodi miaka miwili.

— Nyinyi mnasahau afya. Kijidudu kikiona muhuri wa leseni, kinarudi kilikotoka.

— Kinajua kusoma? Nabiswa aliuliza.

— Si kusoma. Ni wino. Ule wa zambarau una dawa. Ushaona karani wa leseni akiwa na mafua?

— Daktari, wewe kunywa kahawa.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ndiyo maana vijidudu hukaa chini.

Gazeti hakucheka.

— Leo kahawa bila leseni. Kesho mtu atafungua hospitali jikoni kwake. Kesho kutwa atajenga reli mpaka chumbani.

— Ikipita kwangu nitapanda, alisema Nabiswa. Kisha akaweka kikombe chini. Nisikize, ndugu yangu. Sijasema tusisaidiane. Jirani yetu Asenath alipofiwa tulichanga, na hakuna aliyetushikia rungu. Ninachokataa ni rungu. Mtu akimdhuru mwenzake ashtakiwe, mimi nitakuwa shahidi. Huyu mzee amemdhuru nani?

— Na atakayedhurika kesho?

Hapo Gazeti alikuwa na hoja. Nabiswa alikuna kidevu, na mimi sikujua nisimame upande gani.

Ndipo akaja Muse, fundi cherehani aliyehamia mtaani wiki hiyo. Alinyoosha mkono achukue kikombe. Daktari akamwonyesha ndoo. Pale kwetu aliyefika mwisho ndiye huosha vikombe. Muse akakunja mikono ya shati, akaviosha vyote, akavifuta, kisha akauliza kwa upole:

— Sheria hii aliiweka nani?

Tukatazamana. Haidari alisema yeye alidhani ni yetu. Daktari alisema ni ya Wajerumani.

— Na asiyeosha hufungwa wapi? Muse aliendelea.

— Hakuna aliyewahi kukataa, Gazeti akajibu polepole, kama mtu anayesikia maneno yake mwenyewe kwa mara ya kwanza.

Nabiswa akasogea, akampa Muse nafasi kwenye benchi.

Tukakata shauri: Jumamosi jiko liwashwe kama kawaida, nasi sote tuwe tumekaa hapo, na kabla ya siku hiyo barua ya sahihi ifike ofisi ya leseni. Nani aipeleke? Nabiswa angebishana na bawabu mpaka wafungiwe ndani wote wawili.

— Leta, Gazeti alisema. Sitii sahihi. Mimi leseni bado naiamini. Lakini mtu akiomba mara tatu, ajibiwe.

Ijumaa aliomba ruhusa kazini, akavaa tai, akaketi kwenye kiti cha wageni huko ofisini tangu asubuhi, akikataa kuondoka. Saa kumi alasiri alirudi na karatasi: mzee abaki mpaka ombi lake lisikilizwe. Barua ilikuwa na sahihi ishirini na sita, na ya aliyeipeleka haikuwamo.