Kopo la Maziwa ya Mtoto

Bibi aliyekaa nyuma yao kwenye basi alisikia yote. Mama kijana alikuwa akimwonyesha abiria aliyeketi naye kopo la maziwa ya unga. "Haya ya kwetu, kaka. Wameandika."

"Soma vizuri, dada," alisema yule mwanamume, mfanyakazi wa ghala. "Yamefungashwa nchini, hayakutengenezwa nchini. Wafungashaji ndio sisi. Unga unakuja na meli, na magunia mengine hayasemi yametoka wapi."

"Usinitie presha. Ni mabaya?"

"Sijui. Ndiyo maana mtoto wangu simpi."

Mama akamtazama mwanawe aliyelala mapajani, midomo bado myeupe kwa maziwa. Basi likasimama kwenye kituo cha mama kushuka. Mwanamume akambebea mkoba taratibu, asimwamshe mtoto. Kopo mama alilishika mwenyewe, mbali na mtoto, kama kaa la moto.