Ndurume ya Nyawira

Hapa Ruring'u, nyuma ya stadium, kuna benchi mbele ya kibanda cha Wakonyo. Kahawa ya mlima wetu hupanda ndege kwenda Ulaya. Sisi tuliobaki hunywa strungi, chai isiyo na maziwa, na kubishana kuhusu hiyo ndege. Mimi wananiita Digrii. Nilisoma finance miaka minne, nikatarmac mitano nikitafuta kazi, na sasa cheo changu ni kukalia ubao. Asubuhi moja mzee Ngatia alifika ameshika simu. Binti yake Nyawira yuko Doha mwaka wa sita. Mazishi ya mamake aliyatazama kwenye video. Sasa ameahirisha tena kuja. Ati ndege za Korongo Air zimekwama, anangoja zirudi hewani ndipo akate tiketi. Ni mara ya nne.

— Shida ni engine, akasema Moffat wa bodaboda, tunayemwita Rubani kwa sababu ya koti la ngozi alilotoa soko la Karatina. Hizo ndege si zao, ni za kukodi. Ukichelewesha rent, mwenyewe anakuja na spana.

— Anang'oa engine? akashtuka Wakonyo.

— Na viti, mathe. Na choo.

— Wacha ushamba, nikamkata. Ndege ni tisa. Tatu ziko chini zikingoja spea, na hata zikikaa chini bado zinalipiwa. Kodi ni dola, mafuta ni dola, tiketi wanatuuzia hapa kwa shilingi. Shilingi ikianguka, wanaanguka nayo. Hiyo ndiyo risk, Rubani.

— Risk ni kukubeba wewe na hiyo mdomo.

— Tisa gani? akasema Wakonyo. Hiyo ni ndege moja. Kila jioni wanaipaka namba mpya.

Mzee Ngatia akanyoosha mgongo. Kila uongo ulimwongezea nguvu. Moffat akaliona hilo, akakoleza:

— Na hiyo moja iko na panya, guka. Wamekula waya yote. Wanangoja paka amesomea Ulaya.

Mzee akacheka mpaka chai ikamwagika.

— Kwa hivyo si mtoto amekataa. Ni ndege.

— Ni ndege, guka, tukasema sote.

Hapo akafika mgeni, Abdihakim, mnunuzi wa mifugo kutoka Nanyuki.

— Salaam. Nimeambiwa hapa kuna mzee ako na ndurume, kondoo dume kubwa.

— Ni mimi, akasema Ngatia. Lakini haiuzwi. Niliinunua ikiwa mtoto, nichinje siku msichana yangu akishuka. Saa hii iko na miaka minne. Ndege ndio imeharibika.

— Pole, mzee. Anatoka wapi?

— Doha.

— Dada yangu Fardowsa ametoka huko juzi, na kampuni ingine. Zinakuja kila siku. Huyu wako, mbona asipande hizo?

Hakusema kwa ubaya. Moffat akainamia tairi ya pikipiki yake. Wakonyo akafungua thermos, akaifunga bila kumimina. Mzee akanigeukia.

— Digrii, si wewe ndio umesoma? Mwelezee.

Nilikuwa na dola, nilikuwa na kodi, nilikuwa na ndege zote tisa. Nikachukua kitambaa cha Wakonyo, nikapangusa chai aliyomwaga mzee.

 Mzee akaweka kikombe chini, akachukua panga lake, akaenda kuikatia ndurume nyasi.