Mchungaji Vangjel Dodona, Aliyerudi Kuandika Majina

Ndugu waombolezaji, mimi ni Ermira, binti wa Dhimitra, dada wa marehemu. Familia imeniomba nisome kwa kuwa nina sauti kubwa. Mjomba mwenyewe alikuwa akisema napiga kelele.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1944 kijijini Dardhë, mtoto wa kwanza wa Mzee Sotir, fundi wa kuezeka nyumba, na Mama Polikseni. Alisoma Dardhë, kisha Korçë, na mwaka 1962 alihitimu chuo cha ualimu Elbasan, akaanza kufundisha hesabu. Serikali ya kikomunisti ilipofunga makanisa yote mwaka 1967, yeye na wenzake sita waliendelea kusali kwa siri katika ghala la tufaha.

Tarehe 2 Mei 1970 alimwoa Fotini, mshonaji wa kiwanda cha nguo, na Mungu akawajalia Marieta na Kristaq.

Sasa nafika mahali ambapo yeye mwenyewe hakupenda kufika. Ili asimsahau yeyote katika maombi, aliandika majina ya wale sita kwenye kijitabu. Oktoba 1974 askari walikikuta ndani ya pipa la unga. Wote saba walifungwa katika migodi ya shaba kaskazini, na Llambi Trebicka, rafiki yake wa utotoni, alifia huko mwaka 1977.

Chama tawala kilimtaka Fotini aombe talaka. Aliwajibu, "Mume wangu ana kasoro nyingi, nazijua kuliko nyinyi. Hizo mlizoandika hapo hana." Alimngoja miaka tisa, na mwaka 1983 kasoro zote zikarudi nyumbani.

Novemba 1991, uhuru wa kuabudu uliporudi, marehemu alianzisha jikoni kwake shule ya viongozi wa kanisa. Vijiji vya milimani vilikuwa na waumini, lakini vilitegemea wahubiri wageni waliokuja na mkalimani na kuondoka theluji ikianza. Yeye alitaka kila kijiji kiwe na kiongozi wake, mzaliwa wa hapo, wa kubatiza na kuzika hata Januari. Alifundisha kwa kichwa: mwanafunzi akariri sura nzima ya Injili, aieleze, kisha achemshe kahawa isiyofurika. Jina la mtu hakuandika kamwe. Wanafunzi walidhani ni mbinu ya ualimu.

Mwaka 1996 umoja wa makanisa ukaja na sharti: pasipo daftari la majina hakuna vyeti, na asiye na cheti hataongoza kanisa. Wiki tatu mjomba aliketi mbele ya daftari jipya, kalamu mkononi, asiandike kitu. Shule ilikuwa inakufa na sote tuliona.

Ndipo Olimbi, binti wa Llambi, muuguzi wa miaka ishirini na minne aliyekuwa mwanafunzi wake, aliposogeza kiti.

"Baba Vangjel, anza na mimi."

"Mwanangu, kuna jambo hulijui."

"La kijitabu? Mama aliniambia zamani."

"Niliandika jina la baba yako."

"Uliandika umwombee. Waliomuua nawajua, wawili wananunua mkate duka moja na mama. Wewe si mmoja wao." Akamsogezea daftari. "Andika, na la ukoo pia. Herufi zisomeke, maana mwandiko wako tunaujua."

Aliandika. Machozi yalichafua ukurasa, akauchana, akaandika upya. Mama Fotini, aliyekuwa akikata lakror, pai yetu ya mboga, aliwaambia chakula kinapoa.

Tarehe 7 Juni 1998 wahitimu kumi na mmoja walipokea vyeti, Olimbi wa kwanza. Nilipiga kelele hadi nikatolewa nje. Leo daftari lina majina mia moja sitini na manne, na makanisa thelathini na moja ya milimani yanaongozwa na wenyeji. Hakuna hata moja lililofungwa. Tulishinda, ndugu zangu, tuseme bila haya.

Mwaka 2019 madaktari walikuta vumbi la mgodi limemaliza mapafu yake. Aliendelea kufundisha, Mama Fotini akimfuata na mtungi wa oksijeni: "Vangjel, pumua kwanza, Mtume Paulo atakungoja." Alifariki nyumbani Jumatatu, tarehe 9 Januari 2023, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi.

Ameacha mjane, Fotini, watoto wawili, Marieta na Kristaq, wajukuu watano, na dada yake, Dhimitra.

Aliacha agizo moja. Hapa kaburini pasihubiriwe. Yaitwe majina ya daftarini, na kila aliyehitimu aitikie mbele ya watu. Mmefika mia moja arobaini na wawili, wengine mmetembea kwenye theluji tangu alfajiri. Nikikaa, Olimbi ataanza kuita. Itikieni kwa nguvu, wasikie hata wale wapelelezi wa zamani waliozoea kutusikiliza dirishani.

Mwalimu, pumzika salama. Sisi tupo.